Kuhamia Mbeya na Nyanda za Juu Kusini ukiwa na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia zinazohama kutoka Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Dodoma au Kanda ya Ziwa kuja kuishi Mbeya, Iringa, Njombe au wilaya zilizo jirani. Mifano mingi ni ya Mbeya mjini. Pale ambapo Iringa au Njombe ni tofauti, tumesema.

Tuhame mwezi gani?

Kama tarehe iko mikononi mwako, hama Desemba shule zikifungwa, au Juni katikati ya mwaka. Kila mmoja una karaha yake. Huku hakuna vuli na masika kama Pwani. Mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au mwanzoni mwa Desemba hadi Aprili, na Tukuyu huendelea hata wenzao wakishaanika mahindi. Ukihama Desemba, godoro linaweza kufika limelowa na lori likakwama kwenye barabara ya vumbi ya mtaani iliyogeuka tope. Ukihama Juni unafika kwenye kipupwe chenyewe, watoto hawana sweta na nyumba haina mapazia mazito.

Ukituuliza sisi, Juni ni bora. Baridi inatibika kwa blanketi, lakini sofa lililonyeshewa kuanzia Ilula hadi Uyole halitibiki. Tena Juni ndipo chakula kinapoanza kushuka bei, na nyumba mbaya kwa baridi utaigundua kabla hujalipa kodi ya mwaka.

Mizigo tuisafirishe kwa njia gani, na nini tusibebe?

Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara ya TANZAM. Kukodi Fuso nzima kwa safari ya kwenda tu ni ghali, kwa sababu mwenye gari anakutoza na safari ya kurudi tupu. Ila biashara ya barabara hii iko upande wako. Malori yanayoshusha mchele, viazi na mbao Dar yanatafuta mzigo wa kurudia Mbeya, Njombe na Tunduma, na mzigo wa kurudia bei yake iko chini sana. Waulize madereva kwenye masoko ya jumla yanakoshushwa viazi na mchele, siku tatu au nne kabla. Andikishaneni idadi ya vitu, namba ya gari na simu ya dereva, na mtu mmoja wa familia apande na mzigo ikiwezekana.

Turubai liwe zima, si la viraka, na lifungwe hadi chini ya ubao wa pembeni. Upepo wa mlima Kitonga hufumua turubai lililofungwa kizembe. Godoro livishwe nailoni kabla ya turubai. Friji isafiri imesimama. Ikilazimika kulala, ukifika isimamishe na uiache saa 24 kabla ya kuwasha, maana mafuta ya kompresa yanakuwa yameingia kwenye mabomba ya gesi.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni mwinuko. Unatoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 na zaidi, na hewa ya nje inapungua nguvu njiani. Chupa ya shampuu, kopo la mafuta ya kupikia au ndoo ya rangi iliyofungwa Dar itavimba na kuvuja. Legeza vifuniko, toa hewa, funga tena, kisha weka kwenye mfuko peke yake mbali na nguo.

Feni unaweza kuziacha. Neti zibebeni, tutaeleza chini kwa nini.

Mbeya tukodi mtaa gani?

Anza na mahali mtakapokwenda kila asubuhi, si uzuri wa nyumba. TANZAM inakata jiji kutoka Uyole upande wa mashariki hadi Iyunga na Mbalizi upande wa magharibi, na karibu kila safari inaigusa. Upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, unafanyika humo humo, kwa hiyo foleni na michepuko ni sehemu ya hesabu. Anayefanya kazi Uyole akapanga Mbalizi atajuta ndani ya wiki moja.

Uzunguni na Forest ni karibu na hospitali na ofisi nyingi, pametulia, na kodi iko juu. Mwanjelwa, Kabwe na Soweto ni karibu na soko na usafiri, kelele haziishi, na nyumba nyingi ni za kuchangia ua. Isyesye, Ilomba na Uyole zina nyumba mpya zenye nafasi, ila baadhi ya njia za ndani ni tope msimu wa mvua. Iyunga na Nzovwe huwafaa wanaofanya kazi viwandani au chuo cha sayansi na teknolojia.

Epuka nyumba iliyo chini ya mteremko mkali kando ya barabara kuu, hasa upande wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Malori ya mizigo mizito hushuka pale, na yanayokatika breki hayachagui ukuta wa kugonga.

Iringa hesabu ni nyingine. Mji uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Ukipanga Gangilonga au Kihesa upo karibu na mji. Ukipanga Ipogolo kodi ni nafuu lakini kila kitu ni kupanda. Njombe ni baridi kuliko zote mbili, na Makambako upepo wake haulali. Makete na uwanda wa Kitulo hupata sakitu, yaani umande ulioganda, Juni na Julai.

Nyumba tuikagueje kabla ya kulipa?

Nyumba ya Dar hukaguliwa kwa joto na maji. Ya huku hukaguliwa kwa jua, unyevu na matundu. Madalali wanapenda kuonyesha nyumba saa saba mchana, wakati kila chumba kina joto. Wewe omba kwenda saa moja asubuhi. Kama mwenye nyumba anakataa, tayari amekujibu.

Kwanza, jua. Mbeya iko kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni jua la mchana linakuwa limeinama karibu nyuzi 32 upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini au mashariki kitaota jua kipupwe kizima, na chenye dirisha la kusini pekee hakitaliona kabisa kwa miezi mitatu. Vyumba vya watoto na wazee viwe upande wa jua. Simu yako ina dira, itumie.

Pili, unyevu. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa chini, sentimita 50 kutoka sakafuni, hasa pembeni mwa kabati na nyuma ya mlango. Rangi iliyovimba, unga mweupe au madoa meusi maana yake maji yanapanda kutoka kwenye msingi usiowekwa nailoni, au mfereji wa nje umeziba. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa chumba itilie shaka: mara nyingi imepakwa juu ya ukungu, na itabanduka mvua ya kwanza. Nusa kabati la ukutani likiwa limefunguliwa. Harufu ya udongo haidanganyi.

Tatu, dari na matundu. Nyumba ya bati isiyo na dari ni jokofu usiku. Dari ya jipsamu yenye alama za kahawia ina bati linalovuja juu yake. Funga madirisha yote, zima taa, tazama mwanga unaopenya kwenye fremu. Tundu la upana wa kidole juu ya dirisha linazibwa kwa silikoni au povu la fundi aluminiamu, gharama ndogo, ila mdai mwenye nyumba afanye kabla hujaingia. Akishapokea kodi, simu yake huwa haipatikani.

Nne, nje. Angalia maji ya mvua yanakoelekea. Mbeya imekaa kati ya milima, na maji ya Loleza yanashuka mjini kwa kasi. Kama uwanja wa jirani uko juu yako na hakuna mfereji, ua wako ndio mfereji.

Kisha rudi mara ya pili jioni usikilize jirani ana baa, mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea.

Dalali anadai kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anataka miezi sita. Ndivyo ilivyo?

Ndivyo ilivyozoeleka, na vyote viwili vinajadilika. Omba miezi mitatu kwa mara ya kwanza ukieleza kwamba familia inataka kuiona nyumba kwenye msimu mmoja. Mwenye nyumba iliyokaa wazi miezi miwili atakubali. Hela ya kuzungushwa kuonyeshwa nyumba ni tofauti na hela ya dalali, basi mkubaliane mapema kama itakatwa humo. Usimlipe dalali kodi ya nyumba. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, kwa benki au simu, jina la mpokeaji lifanane na la kwenye mkataba.

Mkataba uandikwe mambo haya hata kama ni wa karatasi moja: nani anatengeneza paa na mabomba, notisi ni ya muda gani, kodi itapandishwa lini, na hali ya nyumba siku ya kuingia. Piga picha kila chumba siku hiyo, na umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp.

LUKU na maji je?

Deni huhama na mita, haliondoki na mpangaji. Kabla ya kulipa kodi, nunua umeme wa shilingi 5,000 kwa namba ya mita ya nyumba hiyo na usome risiti mstari kwa mstari. Ukiona makato ya deni, mwenye nyumba alimalize kwanza. Kwa daraja la kawaida la matumizi ya nyumbani, uniti moja pamoja na makato yake ni karibu shilingi 356, kwa hiyo utajua haraka kama umepata pungufu. Daraja la matumizi madogo ni la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na familia yenye friji na showa ya umeme haikai humo.

Utaona pia kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kisheria ni ya mwenye jengo, kwa hiyo taja kwenye mkataba kama itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Ni hela ndogo, lakini ukinyamaza mwaka mzima ni 18,000.

Mita inayochangiwa na wapangaji watatu ni ugomvi unaosubiri siku. Kama hakuna mita ya peke yenu, fundi aweke mita ndogo kwa kila nyumba, kisha mgawane risiti kwa usomaji wake.

Kwa maji, piga picha ya dira ya maji siku ya kuingia na uombe bili ya mwisho iliyolipwa. Mbeya mjini huduma ni ya Mbeya WSSA na Iringa ni IRUWASA, na bili hulipwa kwa kontroo namba. Mgao huuma zaidi Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua. Familia ya watu watano ikitumia lita 40 kila mtu kwa siku inamaliza lita 200, hivyo simtanki la lita 1,000 ni akiba ya siku tano. Liwekwe juu ya jukwaa la zege au matofali, si mbao, maana likijaa ni tani moja.

Tukishaingia, tuanzie ofisi gani?

Serikali ya mtaa, ndani ya wiki ya kwanza. Mtafute mjumbe au balozi wa eneo, akupeleke kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Beba kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka mtaa uliotoka, na nakala ya mkataba wa nyumba. Familia nyingi huja bila ile barua kisha zinaitafuta kwa simu. Iombe kabla ya kupakia mizigo.

Ukiandikishwa kwenye daftari la wakazi, barua zote zinazofuata zinakuwa rahisi: benki, dhamana polisi, mkopo, shule, pasipoti. Namba ya NIDA haibadiliki kwa kuhama mkoa. Taarifa za mpiga kura huhamishwa wakati wa uboreshaji wa daftari la wapiga kura, si siku yoyote unayotaka.

Watoto tuwahamisheje shule?

Tafuta nafasi kwanza, uhamisho baadaye. Nenda shule unayoitaka, mwalimu mkuu athibitishe kwa maandishi kwamba nafasi ipo. Kisha andika barua kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto, ukitaja darasa, sababu na shule anayokwenda. Kwa msingi, taarifa za mtoto zimo kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, kwa hiyo uhamisho haujakamilika hadi jina lihame kwenye mfumo, na maafisa elimu wa pande zote mbili wahusike. Mtoto anaweza kuketi darasani Mbeya huku kwenye mfumo bado yuko Temeke, na hilo hugundulika siku ya kusajiliwa mtihani. Iandike namba ya PReM na uulize kila wiki mbili.

Madarasa ya mitihani ya taifa, yaani la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne, ni afadhali yasihamishwe katikati ya mwaka. Kama hakuna jinsi, hama kabla usajili wa mtihani haujafungwa.

Sare za huku zina sweta, na si pambo. Nunua mbili kwa kila mtoto, kwa sababu Februari sweta moja haikauki usiku mmoja.

Baridi ni kali kiasi gani, na tujiandae vipi?

Mbeya mjini Juni na Julai, alfajiri hushuka hadi nyuzi 5 hadi 8 mara kwa mara, na mchana jua likiwaka hupanda kupita 20. Kwa hiyo nguo za kuvuliwa moja baada ya moja ni bora kuliko koti moja zito. Usinunue makoti Dar. Mitumba ya masoko ya Mwanjelwa na SIDO ina makoti mazito ya bei nzuri, kwa sababu wafanyabiashara wanawajua wateja wao.

Kitanda kwanza, mwili baadaye. Baridi ya usiku hupanda kutoka chini, hivyo godoro lililo sakafuni lihame kwenye kitanda au chaga. Tandika blanketi moja chini ya shuka na mbili juu. Watu huongeza mablanketi juu na kusahau chini. Mapazia yawe mazito yafike sakafuni, na kipande cha nguo kilichojazwa mchanga au vitambaa kiwekwe chini ya mlango wa nje. Msimu wa mvua, kabati likae sentimita 5 hadi 10 mbali na ukuta wa nje, madirisha yafunguliwe saa nne hadi saa tisa kukiwa na jua, na viatu vya ngozi visifungiwe kwenye boksi. Matetemeko madogo ya ardhi hutokea ukanda huu wa Bonde la Ufa, basi kabati refu lifungwe ukutani kwa skrubu.

Sasa jiko la mkaa. Usiliingize chumbani kuota moto ukiwa umefunga mlango, hata kwa nusu saa. Mkaa unaowaka kwenye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anasinzia na haamki. Mkaa uliokwisha moshi ndio watu huuona salama, na ndio unaoua, kwa sababu hakuna kinachokukohoza. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu kwa watu wawili au zaidi humo ndani. Fungua kila kitu, toeni watu nje, nendeni hospitali. Anayetaka joto la kitandani aweke maji ya moto kwenye chupa ngumu au mfuko wa mpira, aufunge kwa taulo.

Showa ya umeme inakula umeme sana?

Inakula, ila chini ya watu wanavyodhani. Ya kilowati 5 ikiwaka dakika 10 inatumia uniti 0.83. Watu watano kila siku ni zaidi kidogo ya uniti 4, kwa mwezi kama 125, yaani karibu shilingi 44,500. Ndoo ya lita 20 ikipashwa kwa hita ya kuchovya kutoka nyuzi 15 hadi 40 inatumia karibu uniti 0.6, kwa hiyo ndoo nusu ikichanganywa na maji baridi ndiyo njia ya wabanaji.

Hatari iko kwenye nyaya. Kilowati 5 kwa volti 230 ni ampea 22. Waya wa soketi wa milimita 2.5 uliochanganywa na soketi nyingine utapata moto ndani ya ukuta. Showa ivutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku, milimita 4 kwa showa ndogo na 6 kwa kubwa au njia ndefu, na breka yake, na waya wa ardhini uwe mzima. Nyumba nyingi za kupanga zimewekewa showa bila ardhi. Mkono ukihisi kuwashwa-washwa unapogusa koki, zima na mwite fundi umeme siku hiyo hiyo.

Maharage hayaivi na gesi haina nguvu. Tumeuziwa feki?

Pengine hapana. Maji hupunguza kiwango chake cha kuchemka kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi unazopanda. Dar yanachemka nyuzi 100, Mbeya karibu 94, Njombe 93. Yanatokota vizuri machoni lakini ni baridi kuliko uliyoyazoea, na kuongeza moto hakuyapandishi, kunamaliza gesi tu. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, pika kwa sufuria ya presha. Makande bila presha ni kazi ya nusu siku. Wali ongeza maji kidogo na ufunike kwa muda mrefu.

Gesi nayo hugeuka kuwa mvuke polepole kukiwa na baridi, ndiyo maana mtungi mdogo uliokaa kibarazani unawaka kwa unyonge alfajiri na kupata nguvu saa nne. Uweke mahali pasipopigwa na upepo penye hewa ya kutosha. Usiumwagie maji yanayochemka na usiuweke karibu na moto. Kabla ya kuhama, hakikisha mtungi wa aina yako una wakala wa kubadilishia huku, la sivyo utanunua mpya.

Malaria ipo? Na kliniki, dawa, hospitali?

Njombe na Makete malaria ni kidogo sana. Mbeya mjini ni kidogo kuliko Pwani, lakini haijaisha, na Kyela na bonde la Usangu ni joto na zina mbu wa kutosha. Neti zibaki vitandani. Kuna mtego mwingine: mtoto aliyekaa huku miaka miwili mitatu kinga yake dhidi ya malaria hupungua, kisha likizo anakwenda Dar kwa bibi na kuugua vibaya. Akipata homa ndani ya wiki chache za kurudi, mwambie mhudumu alikotoka.

Kadi ya kliniki ya mtoto inaendelea kituo chochote. Chanjo ya surua-rubela ni miezi 9 na 18, na ya pili ndiyo hupotea kwenye pilikapilika za kuhama. Mjamzito abebe kadi yake mkononi, isipakiwe na mizigo. Anayetumia dawa za VVU kutoka kliniki ya CTC aombe barua ya uhamisho na dawa za kumtosha hadi ajisajili huku. Kadi ya NHIF inatumika kwenye vituo vilivyosajiliwa nchi nzima.

Mwenye selimundu ajiandae zaidi ya wengine, kwa sababu baridi huamsha maumivu. Nguo kavu muda wote, maji ya kunywa ya uvuguvugu, asikatishe dawa, na familia ijue mapema njia ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wanaojifungua na watoto wachanga huhudumiwa zaidi kitengo cha Meta. Kwa wengine, siku za kwanza kuhema ukipanda kilima ni kawaida, na midomo kupasuka hutibiwa kwa mafuta ya mgando.

Chakula tununueje?

Kwa msimu na kwa wingi. Mahindi na mchele huvunwa kuelekea katikati ya mwaka, na Juni hadi Agosti ndipo familia hujaza stoo. Mchele unaoitwa wa Kyela ununue kwa kupika kikombe kimoja kwanza. Si kila wenye jina hilo umetoka huko. Maharage na mahindi yakauke vizuri kabla ya kufungwa, kisha yakae kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na wadudu hufa humo bila dawa. Viazi mviringo visifungiwe kwenye nailoni. Vitandaze gizani, maana jua huvifanya vya kijani na vichungu. Uliza daima kipimo: sado, debe au kilo. Lumbesa inavutia machoni, mizani ndiyo inayosema.

Gari na biashara vinahitaji usajili mpya?

Gari halihitaji. Ila betri chovu itakusaliti asubuhi ya kwanza ya Julai, na rejeta iwekwe kulenti badala ya maji matupu, hasa ukielekea Makete. Leseni nyingi za biashara hutolewa na halmashauri, kwa hiyo nenda halmashauri mpya. TIN ni ile ile, ukabadilishe taarifa za mahali TRA.

Tutazoeana vipi na majirani?

Kwenye misiba, kabla ya sherehe. Mtaani kuna utaratibu wa mchango na wa kwenda kukaa msibani, na familia mpya inatazamwa hapo. Muulize balozi kiasi na nani anakusanya. Waumini wabebe barua ya uhamisho wa ushirika au wa jumuiya. Salamu zina uzito wake. Kwa Wanyakyusa sema "mwaghonile" na ushukuru kwa "ndaga", na Iringa na Njombe "kamwene" inafungua milango. Huku mtu hasalimiwi kwa kupita, anasimamiwa.

Tumeshapapenda. Tununue kiwanja lini?

Baada ya msimu mmoja wa mvua, si kabla. Kiwanja kikiwa kikavu Septemba hakikuambii lolote. Kiendee Februari siku ya mvua, na majirani wawili wakuonyeshe maji yanapopita. Pima mwenyewe umbali: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kutoka ukingo wa mto kisheria ni mita 60. Muuzaji atakuonyesha bikoni. Chukua namba za bikoni hizo ukazihakiki ofisi ya ardhi ya halmashauri, na mauziano yafanyike mbele ya mtendaji na majirani wa mipaka yote minne, wakiwa wamesimama kwenye mipaka hiyo na si ofisini.